UWEKEVU WA NYUMBANI: KAZI YA MKONO NA HESABU YAKE

Somo kwa vikundi vya kujisomea vya vyama wanachama



Somo hili lahusu vitu vitatu ambavyo mwanachama aweza kuvitengeneza uani kwake kwa mikono yake mwenyewe: kikapu cha kuivishia chakula, mkaa wa chenga, na sabuni ya kufulia. Vyote vitatu vyafahamika kwa wengi, na huenda baadhi yenu mmekwisha kuvijaribu. Kwa hiyo madhumuni ya somo si kufundisha ufundi peke yake. Madhumuni ni kumwezesha kila mwanachama kujua, kwa hesabu iliyoandikwa, ni kipi kati ya vitu hivyo kinachompunguzia gharama na ni kipi kinachomwongezea. Kitu hakiwi rahisi kwa sababu tu kimetengenezwa nyumbani. Hapana budi kihesabiwe kwanza.

Ndugu Katibu anaombwa alisome somo hili mbele ya kikundi kwa sehemu, asilimalize kwa siku moja. Mwishoni yamewekwa maswali ya majadiliano.

1. MAHALI TULIPO

Mifano ya somo hili imechukuliwa Kariakoo na mitaa ya jirani, katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita mahali hapo pakawa soko. Jengo la soko kuu lenye paa la miamvuli ya zege lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975.

Kando ya soko, upande wa Gerezani, mafundi wa bati kwa miaka mingi wamekuwa wakigeuza mapipa na vyuma chakavu kuwa majiko, makarai na ndoo. Mahali hapo mabaki ya mtu mmoja ni mali ghafi ya mwingine. Matenga yaliyoletea nyanya, vipande vya vitambaa vinavyoanguka chini ya cherehani, chenga zinazosalia katika gunia la mkaa, na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, vyote hupatikana kwa bei ndogo au bure. Mwanachama wa mjini hana shamba wala msitu, lakini mabaki yamemzunguka.

Pamoja na hayo, mkazi wa Kariakoo ana shida yake. Nyumba za kale za vyumba sita na ukumbi katikati, ambazo wapangaji wake hupikia uani, zinazidi kupungua, na mahali pake yamejengwa maghorofa. Mpangaji wa chumba kimoja hana ghala. Hawezi kuweka gunia la mkaa wala dumu kubwa la mafuta. Basi hununua mkaa kwa kopo, mafuta kwa kipimo na sabuni kwa kipande, kila siku.

2. GHARAMA YA KUNUNUA KIDOGO KIDOGO

Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Walisema pia, bandu bandu huisha gogo. Methali hizi mbili zasema jambo moja kutoka pande mbili. Akiba hukua kidogo kidogo, na kipato nacho huliwa kidogo kidogo.

Mkaa unaouzwa kwa kopo hutoka katika gunia lile lile ambalo mwenye nafasi hulinunua zima. Muuzaji wa rejareja huongeza juu ya bei ya gunia usafirishaji wake, kodi ya mahali pake, hasara ya chenga, na faida yake. Si dhambi, kwani naye ana watoto. Lakini mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa bei ya juu kwa kila kilo. Anayetaka kulithibitisha jambo hili na apime kopo moja kwa mizani, kisha alinganishe na bei ya gunia.

Jambo hili si la nyumba moja tu. Katika ripoti yake ya mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba karibu nusu ya mkaa wote uliotumika Tanzania, yaani tani zipatazo 500,000 kwa mwaka, uliteketezwa Dar es Salaam. Kwa matanuri ya udongo yaliyozoeleka, tani moja ya mkaa yaweza kuhitaji tani tano hadi kumi za kuni. Ndiyo sababu kopo moja linalookolewa jikoni ni mti unaobaki umesimama mahali fulani.

Aidha, mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wanachama wengi wamekwisha kuhamia kwenye gesi, na wengine hutumia gesi na mkaa kwa pamoja. Somo la kwanza hapa chini lawafaa wote, kwa sababu kikapu huokoa moto wa aina yoyote.

3. SOMO LA KWANZA: KIKAPU CHA JOTO

Maharage yakichemka kwa saa mbili, sehemu kubwa ya moto haiivishi maharage. Hutumika kufidia joto linalopotea ubavuni mwa sufuria na kupaa pamoja na mvuke. Kama joto hilo lingezuiwa lisitoke, chakula kilichokwisha kuchemka kingeendelea kuiva bila moto. Kikapu cha joto hufanya kazi hiyo: ni blanketi la sufuria.

Vifaa: tenga au kikapu kipana kuliko sufuria, vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, au sufi, au blanketi kuukuu, kitambaa kizito cha pamba, kwa mfano gunia safi, uzi na sindano, sufuria yenye mfuniko unaokaa vizuri.

Namna ya kutengeneza:

(a) Chagua tenga ambalo, sufuria ikiwekwa katikati, linabakiza nafasi ya upana wa kiganja, yaani sentimita 8 hadi 10, kila upande na chini.

(b) Shona mfuko mkubwa wa kitambaa cha pamba utakaofunika ndani yote ya tenga. Ujaze vitambaa vilivyokatwakatwa au sufi. Usishindilie mno, kwa maana hewa iliyotulia kati ya vitambaa ndiyo inayozuia joto lisitoke.

(c) Bonyeza katikati upate shimo lenye umbo la sufuria yako. Shimo liikumbatie sufuria bila kuacha pengo.

(d) Shona mto mnene wa kufunika juu, upana wake upite mdomo wa tenga. Joto hupanda juu, kwa hiyo mto mwembamba huharibu kazi yote.

(e) Weka chini ya sufuria kipande cha mkeka au kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Sponji ya magodoro isiguse sufuria ya moto, kwani huyeyuka na kutoa moshi wenye madhara.

Namna ya kutumia:

Wali: chemsha maji, tia mchele, uache uchemke dakika tano ukiwa umefunikwa, kisha hamishia kikapuni mara moja. Usifunue kwa muda wa saa moja. Punguza maji kwa kiasi cha moja ya tano ya kipimo cha kawaida, maana mvuke haupotei.

Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji yale, tia maji mapya. Chemsha kwa moto mkali dakika ishirini, kisha weka kikapuni saa tatu hadi nne. Hapa hapana ruhusa ya kufupisha. Maharage mabichi yana sumu ambayo huondolewa kwa kuchemka sawasawa, si kwa joto la vuguvugu. Dakika kumi za mchemko mkali ni kima cha chini kabisa. Dakika ishirini humhakikishia mpishi usalama.

Makande: loweka mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharage, chemsha dakika thelathini au zaidi, weka kikapuni saa nne. Yakitoka magumu, yachemshe tena na kuyarudisha.

Ugali na chapati havifai kikapu, kwa sababu vyahitaji moto na mkono wakati wote.

Tahadhari: sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi. Kikapu kisitumiwe kuhifadhi kiporo. Chakula kikikaa vuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu huzaliana humo, hasa katika wali na nyama. Kikifunuliwa kikiwa kimeanza kupoa, kichemshwe upya kabla ya kuliwa.

4. SOMO LA PILI: MKAA WA CHENGA

Chini ya kila gunia la mkaa hubaki chenga na vumbi ambavyo haviwezi kukaa juu ya wavu wa jiko. Zikishikanishwa na gundi ya unga wa muhogo, chenga hizo huwa makaa tena.

Vifaa: chenga za mkaa kilo 5, unga wa muhogo gramu 300, maji lita 2 na nusu hadi 3, chekeche, kopo lisilo na kitako, au kipande cha bomba la plastiki, mti wa kushindilia, turubai.

Namna ya kutengeneza:

(a) Chekecha chenga, ondoa mawe, mchanga na vipande vya majani. Mchanga haufanyi kazi yoyote ila kuongeza majivu. Ponda vipande vikubwa. Wakati huo funga kitambaa puani na mdomoni, kwani vumbi la mkaa huumiza kifua.

(b) Koroga unga wa muhogo katika maji baridi kidogo, kisha mimina katika maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito unaong'aa kama gundi.

(c) Changanya uji na chenga ukiwa bado una joto. Finyanga kidogo mkononi: tonge likishikamana bila kuchuruza maji, mchanganyiko umefaa.

(d) Shindilia ndani ya kopo, toboa tundu katikati kwa kijiti ili hewa ipite, kisha lisukume tonge litoke.

(e) Anika juani siku tatu hadi tano, ukigeuza kila siku. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kazi hii yafaa kusimama, isipokuwa kwa mwenye paa la kuanikia.

Mkaa huu huwaka polepole na huacha majivu mengi kuliko mkaa wa kawaida. Washa kwanza kwa vipande vichache vya mkaa wa kawaida, kisha panga wa chenga juu yake. Wafaa kwa kazi ya moto wa wastani na wa muda mrefu, kama kupika supu au kupasha maji. Haufai kwa mwenye haraka ya chai ya asubuhi.

Tahadhari kuu: mkaa wa namna yoyote, uwe wa chenga au wa gunia, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa wanaoishi katika vyumba vya ghorofa jambo hili ni la uhai na kifo. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kama linaonekana limezimika, na lisiwashwe mahali palipofungwa madirisha. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko ni dalili za kutoka nje mara moja. Tukumbuke pia jinsi moto unavyoenea mahali palipobanana. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko kuu la Kariakoo, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali yao kwa usiku mmoja. Majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa, na mkaa usirundikwe chini ya ngazi.

5. SOMO LA TATU: SABUNI YA KUFULIA

Sabuni hupatikana mafuta yanapoungana na soda kali, ambayo madukani huitwa kostiki. Kazi hii ni ya vipimo. Kostiki ikizidi, sabuni huchoma ngozi. Ikipungua mno, sabuni huwa laini na yenye mafuta. Kila aina ya mafuta ina kipimo chake, kwa hiyo asibadilishe mtu mafuta akaacha kostiki vile vile. Mafuta ya nazi huhitaji kostiki nyingi kuliko ya alizeti au mawese. Kadhalika mafuta ya nazi ndiyo yanayoleta povu, hata katika maji ya visima vyetu vyenye chumvi kidogo.

Vipimo vya somo hili, vyote kwa mizani:

Mafuta yaliyokwisha kukaangia, ya alizeti au mawese: gramu 700
Mafuta ya nazi: gramu 300
Kostiki: gramu 140
Maji safi: gramu 330

Kabla ya kuanza: vaa glovu za mpira, miwani, na nguo za mikono mirefu. Fanyia kazi uani, mahali penye upepo, watoto wakiwa mbali. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Usitumie kamwe sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu: kostiki huila alumini, hufoka, na kutoa hewa inayoweza kushika moto.

Namna ya kutengeneza:

(a) Chuja mafuta ya kukaangia kwa kitambaa. Yachemshe pamoja na maji yenye chumvi kidogo, yaache yatulie, kisha engua mafuta safi yanayoelea. Hakikisha hayana maji, halafu pima.

(b) Tia kostiki katika maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Usimimine maji juu ya kostiki, maana huruka. Maji yatapata moto sana na kutoa mvuke, usiinamie chombo. Acha yapoe mpaka vuguvugu.

(c) Changanya mafuta ya aina mbili yakiwa vuguvugu. Mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta polepole, ukikoroga upande mmoja kwa mwiko wa mti ambao hautarudi jikoni.

(d) Endelea kukoroga mpaka mchanganyiko uwe kama uji mzito na alama ya mwiko ibaki juu yake. Kazi hii yaweza kuchukua nusu saa au saa nzima.

(e) Mimina katika sanduku la mbao lililotandikwa plastiki. Funika. Baada ya siku moja, kata vipande ukiwa bado umevaa glovu.

(f) Panga vipande mahali penye hewa kwa wiki nne kabla ya kutumia. Kipindi hiki si cha hiari. Sabuni hukauka na kukomaa ndani yake, na hupungua uzito hadi kilo moja na robo hivi.

Tahadhari: kostiki ikiruka mwilini au jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika ishirini, kisha nenda hospitali. Usipake siki wala ndimu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, akimbizwe hospitali. Juu ya yote, kostiki isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Mtoto haoni kostiki, huona maji. Iwekwe katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Nyumba isiyo na sanduku la namna hiyo isitengeneze sabuni peke yake. Ifanye hivyo chamani.

6. HESABU

Sasa tufungue daftari. Bei zilizomo hapa ni za mfano tu. Kila kikundi kiziondoe na kuweka bei za mtaa wake kwa siku ile.

Kikapu. Tuseme tenga ni shilingi 5,000, vitambaa na gunia shilingi 3,000, uzi na sindano shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 9,000. Tuseme kopo la mkaa ni shilingi 1,000, na familia yapika maharage, makande au wali kikapuni siku nne kwa wiki, ikiokoa kopo moja kila siku hizo. Itaokoa shilingi 4,000 kwa wiki. Katika wiki ya tatu kikapu kitakuwa kimelipa gharama yake, na tangu hapo kinachookolewa ni akiba. Kikapu kikitunzwa, kikikingwa na panya na kuanikwa juani, hudumu.

Sabuni, mwanachama akiwa peke yake. Tuseme mafuta ya kukaangia ni shilingi 1,500, mafuta ya nazi yaliyonunuliwa rejareja shilingi 2,400, kostiki shilingi 700, na sehemu yake ya glovu na kuni shilingi 400. Jumla ni shilingi 5,000. Tuseme sabuni ya dukani ya uzito ule ule ni shilingi 4,200. Mwanachama huyu amefanya kazi nusu siku, amejiweka katika hatari ya kuungua, na amepata hasara ya shilingi 800.

Sabuni, wanachama kumi pamoja. Wanunua mafuta ya nazi kwa dumu na kostiki kwa kilo kadhaa, watumia mizani moja na glovu zile zile kwa zamu. Tuseme kwa kila fungu mafuta ya kukaangia yamekuwa shilingi 1,000, ya nazi 1,800, kostiki 400, na mengineyo 100. Jumla ni shilingi 3,300. Kila mwanachama amebakiwa na shilingi 900 juu ya bei ya dukani. Sabuni ni ile ile, vipimo ni vile vile, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kununua.

Mkaa wa chenga. Hapa gharama kubwa ni muda. Chenga zikipatikana bure kwa muuzaji anayetaka kusafisha mahali pake, na wanakikundi wakashindilia pamoja jioni moja, kazi yaweza kufaa. Muuzaji akianza kuzitoza bei, na unga wa muhogo ukipanda, hesabu ifanywe upya. Wala tusisahau kwamba unga huo ni chakula. Mwenye njaa nyumbani asiutie jikoni chini ya sufuria badala ya ndani yake.

Kutokana na hesabu hizi tunajifunza mambo matatu. Kikapu chafaa hata nyumba moja. Chenga zafaa pale tu mali ghafi ni bure na mikono ni mingi. Sabuni huwa hasara kwa mmoja na faida kwa kumi, mradi wanunue pamoja. Kila kikundi kitapata majibu yake chenyewe. La msingi ni kwamba majibu yapatikane kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Jambo la mwisho katika hesabu ni saa za kazi. Katika nyumba nyingi kazi hizi humwangukia mama, ambaye tayari ana kibanda chake sokoni na watoto wa kuwaangalia. Saa zake nazo ni gharama. Daftari lisiloandika saa za mama si daftari kamili. Baba na vijana washindilie mkaa, nao wakoroge sabuni.

7. WAJIBU WA CHAMA NA WA KATIBU

Kanuni ya tano ya Ushirika inahusu elimu, mafunzo na habari. Elimu hiyo si ya mikopo na hisa tu. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujisomea nchini kote. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Njia ile bado yafaa: soma, jadili, tenda, kisha rudi na taarifa.

Kwa hiyo vyama vinashauriwa kufanya yafuatayo:

Kwanza, chama kiwe na sanduku la vifaa vya pamoja: mizani, glovu, miwani, chekeche, kopo la kushindilia, na ndoo mbili za plastiki. Vitolewe kwa sahihi na kurudishwa kwa sahihi, kama mali nyingine ya chama.

Pili, ununuzi wa pamoja wa mali ghafi uidhinishwe na mkutano na uandikwe katika vitabu. Fedha za akiba za wanachama zisichukuliwe kwa jambo hili bila idhini. Kila anayetaka fungu alipe sehemu yake kwanza.

Tatu, Katibu afungue daftari lenye safu saba: tarehe, kitu kilichotengenezwa, mali ghafi na bei, saa za kazi, kiasi kilichopatikana, bei ya kitu hicho dukani, na tofauti. Kila mwezi asome matokeo mbele ya wanachama, yakiwa mazuri au mabaya. Taarifa ya hasara ina faida kubwa, kwa kuwa humwokoa mwanachama wa pili asiirudie.

Nne, somo hili ni la matumizi ya nyumbani. Kikundi kitakachotaka kuuza sabuni kwa umma hakina budi kwanza kufuata taratibu za Shirika la Viwango Tanzania. Kwa mafunzo zaidi ya ufundi kiwaendee SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo.

8. MASWALI YA MAJADILIANO

1. Pimeni kopo moja la mkaa la mtaani kwenu kwa mizani. Kilo moja ni bei gani kwa kopo, na ni bei gani kwa gunia? Tofauti hiyo kwa mwezi mmoja ni shilingi ngapi kwa nyumba moja?

2. Ni vyakula gani vinavyopikwa majumbani kwenu ambavyo vyafaa kikapu cha joto? Ni vipi visivyofaa, na kwa nini?

3. Kwa nini maharage hayana budi kuchemka kwa moto mkali kabla ya kuingia kikapuni?

4. Rudieni hesabu ya sabuni kwa bei za leo. Wanachama wangapi wanahitajika ili hasara igeuke kuwa faida?

5. Ni wapi katika nyumba ya mpangaji wa chumba kimoja ambapo kostiki yaweza kuhifadhiwa salama? Kama hakuna, chama kifanye nini?

6. Taja kitu kingine cha nyumbani ambacho mwanachama hukinunua kila siku kidogo kidogo. Je, chaweza kutengenezwa, kukarabatiwa, au kununuliwa kwa pamoja?

Kikundi kitakachomaliza majadiliano kichague kitu kimoja tu cha kuanza nacho. Twapendekeza kikapu, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na hatari yake ni ndogo. Kitengenezwe kimoja cha mfano katika ofisi ya chama, kipikiwe maharage siku ya mkutano, na wanachama wale kwa pamoja. Tarehe, gharama na saa zake ziwe mstari wa kwanza katika daftari jipya.